Mistari Isiyo na Majina

Kasongo, 9 Februari 2024

Yaya Mwanvua,

Amani iwe juu yako, dada yangu mkubwa, na juu ya kila anayelala chini ya bati lako. Sisi hapa tuko wazima. Mke wangu Safia mguu umepona, ameanza tena kwenda shambani, ingawa anaporudi anaukanda kwa maji ya moto na kusema hauumi. Binti yangu Djamila yuko mwaka wa tano wa sekondari. Anabishana nami asubuhi na jioni, na majirani wanasema ni damu hiyo, amemrithi baba yake. Mchele umekubali mwaka huu. Tunashukuru.

Sasa sikia habari yenyewe. Ile makala yangu juu ya wizi machimboni imefika mbali. Kamati ya usalama ya machimbo huko kwenu Kasabila imeisoma mbele ya watu, ukurasa kwa ukurasa, na mwenyekiti wao ameniletea barua yenye muhuri kunipa shukrani. Na wewe nakushukuru, kwa maana ni wewe uliyemwomba yule mwandishi wa kacho, ile mahabusu ya polisi wenu, aniruhusu kupiga picha kurasa za kitabu chake. Miaka mitatu ya watu walioshikwa. Majina mia mbili na kumi na manne. Kati yao mia moja sabini na mmoja ni watu wa kuja, wa Kivu na wa Tanganyika, waliofuata dhahabu. Karibu themanini kwa mia, Yaya! Zaidi ya miaka ishirini nasoma vitabu vya watu wanaotuambia kwamba mwizi ni umaskini. Umaskini hauna mikono. Umaskini haubebi motopompe ya kuvuta maji begani kupita porini. Mtu ndiye anayebeba, na mtu ana jina na ana kwao alikotoka.

Kuna kelele kidogo hapa chuoni, lakini kelele ni mshahara wa ukweli. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa mwisho wa kriminolojia, anaitwa Cadette, baba yake alikuja kutoka Kivu kuchimba, ameandika kazi yake ya kumaliza masomo yote dhidi ya makala yangu. Anayemsimamia ni mwalimu mwenzangu Wenceslas, mtu wa kucheka polepole. Wanataka aitetee mbele ya watu wote, mlango wazi. Mimi ndiye mkuu wa kitengo, na nimekataa kumtia kwenye kalenda. Chuo si soko la samaki.

Mwambie mdogo wetu Djafari ajibu simu. Tangu Desemba namtafuta.

Ndugu yako,
Nourdine


Kasabila, Kabambare, 3 Machi 2024

Ndugu yangu Nourdine,

Barua yako imekaa siku kumi na tatu kwa Aristote wa pikipiki, kwa sababu mvua ilikula daraja na yeye hakutaka kuvuka na matairi yake mapya. Ameileta imelowa pembeni lakini inasomeka. Unaniuliza kila mara kwa nini sipigi simu. Mtandao wetu unakaa juu ya kilima, na magoti yangu hayapandi kilima tena.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile, bugali na majani ya sombe pale sokoni, na kinachobaki napeleka kacho kwa wale ambao hakuna anayewaletea. Unajua mwenyewe kwamba ndani ya kacho mtu anakula cha ndugu zake, na asiye na ndugu anaangalia wengine wakitafuna. Sasa hivi nampelekea kijana mmoja wa Kivu, Bisimwa, tangu mwisho wa Desemba. Anakula taratibu, anaosha sahani mwenyewe kabla ya kunirudishia.

Makala yako nimeiona. Sikuisoma, nimeiona. Mwenyekiti wa kamati anaibeba kwapani kama mkate. Amesimama nayo sokoni akasema watu wote wa kuja wasio na mzee wa hapa wa kuwadhamini watatoka machimboni tarehe kumi na tano Mei, na kwamba si yeye anayesema, ni elimu ya Kasongo inayosema. Akataja jina lako na la baba yetu. Watu walinigeukia. Wengine walinipa mkono. Mama Consolée, yule mjane mwenye shimo kule upande wa Lusangi, naye alikuwa pale. Ni mtu wa kuja kama wengine, na ndiye aliyeibiwa motopompe mwaka jana mpaka shimo lake likajaa maji. Hakunipa mkono. Aliniangalia tu, akafunga kitenge chake vizuri, akaondoka.

Mimi si mtu wa shule. Nakuuliza kitu kimoja. Wale wote uliowahesabu, wewe hukuwepo waliposhikwa. Nani aliwahesabu mbele yako?

Djafari yuko mzima.

Yaya wako,
Mwanvua


Kasongo, 22 Machi 2024

Yaya,

Mungu azipokee funga zako. Hapa tunafunga vizuri, ila jua la mchana linanipa ukali, na Safia ameniambia nisiandike barua kabla ya kufuturu. Naandika kabla ya kufuturu.

Umekuwa wakili wa wezi tangu lini? Nauliza kwa heshima yote ya mdogo kwa mkubwa. Unanipa huruma badala ya hoja. Kijana anaosha sahani, basi hakuiba? Wauaji wangapi wanaosha sahani! Ninyi wenye moyo laini, na hao wenye vitabu laini, mnaugua ugonjwa mmoja: mnamwona aliyefungwa kwa sababu yuko mbele yenu, hammwoni aliyeibiwa kwa sababu amekwenda nyumbani kulia. Na kamati ikiamua jambo kwa kusoma makala yangu, hilo ni la kamati. Mimi naandika yaliyopo.

Jambo la Cadette limekwisha, nami nimelimaliza mwenyewe. Alinisimamisha kwenye ukumbi wa chini, wanafunzi wamejaa, akaniuliza juu ya mistari ya wazi. Nikueleze: katika kile kitabu cha kacho kuna mistari tisini na sita ambayo ina tarehe na ina kitu kilichoibiwa, lakini mahali pa jina pako wazi. Mimi niliitoa kwenye hesabu. Makosa ya mwandishi. Kila mtafiti hufanya hivyo, husafisha data yake. Yeye akasema, mbele ya wote, bila kuinua sauti:

"Makosa tisini na sita, Mwalimu, na yote yanaangukia pahali pa jina?"

Nikamwambia anatetea ndugu zake. Akajibu: "Na wewe je, Mwalimu?"

Walicheka, Yaya. Wanafunzi wangu mwenyewe. Nikamwambia anyamaze, na kwamba mwaka huu hatamaliza, wala mwaka kesho kama mimi bado niko kwenye kiti hiki. Alifunga kaye, daftari lake, akaenda. Tangu siku ile Wenceslas hanisalimii. Ananiambia kwa maandishi kwamba yeye pia hakubaliani na Cadette, kwamba yeye anaona chanzo kiko kwenye shimo lenyewe, kwenye barabara mbaya na kazi isiyo na mkataba, lakini angependa wote watatu tusikilizwe chumba kimoja. Chumba kimoja! Kama vile ukweli ni nyama ya kugawana.

Huyo Bisimwa ni nani kwako? Miezi mitatu unampikia. Na Djafari kuwa mzima si jibu. Nimeuliza kwa nini hajibu simu.

N.


Kasabila, 19 Aprili 2024

Nourdine,

Sikukuu imepita salama. Nilichinja kuku wawili, nikagawa. Sikukuandikia Ramadhani nzima kwa sababu nilitaka kufunga ulimi pia, na barua yako ilikuwa inanifungulisha.

Umenijibu kila kitu ila swali langu. Basi nitajijibu mwenyewe, kwa maana wewe umesoma mno na mimi nimekaa miaka kumi na tisa mkabala na mlango wa ile kacho.

Mtu akiletwa, mwandishi anaandika kwanza tarehe na kile kitu alichoshikwa nacho. Jina anaacha. Anangoja mpaka jioni. Kama ni mtoto wa hapa, mjomba wake atakuja, au shangazi, au mzee wa msikiti, watakaa kidogo kwenye benchi, wataongea, na mtu atatoka nao. Mstari unabaki wazi. Hapa wanasema mutoto wa mutu haandikwi. Kama jioni imefika na hakuna aliyekuja, basi jina linaandikwa. Hilo ndilo buku ulilopiga picha. Si buku la wezi wa Kasabila. Ni buku la wale ambao hakuna aliyekuja kuwachukua.

Hakuna mtu wa hapa asiyelijua jambo hili. Na wewe ulizaliwa hapa, Nourdine. Wewe hukulijua? Ile baiskeli ya mnunuzi wa mchele, ulidhani ilisahauliwa kwa sababu gani?

Sikuandikii ili kukuumiza. Watu wa kuja wameanza kuondoka kabla ya tarehe, wanaogopa kungoja. Juzi walipita watu kumi na wawili na vikapu, mmoja mjamzito, wanaelekea Wamaza kwa miguu. Mama Consolée hajaondoka. Anasema shimo lake limejaa maji na yeye amejaa deni, aende wapi. Usimsahau huyo unapogombana na watu wako wa vitabu. Makala yako inasema juu ya walioibiwa, lakini jina lake sikulisikia wakati inasomwa.

Bisimwa alikuwa mfanyakazi wake. Ndiye aliyeandikwa kwa wizi wa ile motopompe. Amekonda. Ndiyo yote niwezayo kuandika leo.

Mwanvua


Kasongo, 28 Aprili 2024

Yaya Mwanvua,

Nakusalimu, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuandikiana sijui salamu gani inanifaa kuitoa. Nyumbani ni wazima. Djamila ameniuliza kwa nini sibishani naye mezani.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilikasirika mpaka Jumatano. Alhamisi nilifungua zile picha upya, nikachukua karatasi nyingine. Majina mia mbili na kumi na manne. Nikatafuta ndani yake familia moja tu ya wale tunaoswali nao pale Kasabila. Moja, Yaya. Hakuna. Arobaini na watatu wa mkoa wetu walioandikwa ni watu wa mbali, wa upande wa Pangi, wa Kibombo, waliopita tu. Kisha nikairudisha mistari tisini na sita niliyoitupa. Ukiirudisha, watu wa kuja ni nusu na kidogo ya wote. Na Cadette ameandika, ukurasa wa arobaini wa ile kazi niliyokataa kuisoma, kwamba katika kila watu kumi wanaoshika koleo machimboni, sita ni wa kuja. Maana yake makala yangu haisemi kitu. Imesema kwa sauti kubwa, kwa muhuri, na haisemi kitu.

Miaka ishirini na miwili nafundisha vijana kwamba kitabu cha polisi ni dirisha. Cadette, mwenye miaka ishirini na minne, ameandika kwamba ni mlango, na kwamba niangalie nani anatolewa kabla haujafungwa. Si kwamba nilimshinda kwa hoja. Nilikuwa na kalenda mkononi, yeye hakuwa nayo.

Naam, baiskeli niliyoshikwa nayo. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mjomba Zakaria alikuja saa tisa alasiri na kanzu yake ya Ijumaa, akakaa kwenye benchi, akaongea juu ya mvua. Nilitoka nyuma yake. Sikuandikwa. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya chuo, na kwa nafasi hiyo walidai hati ya mwenendo mwema, na hati yangu ilikuwa nyeupe kama yai. Niliitoa ile mistari ya wazi kwenye hesabu kwa mkono huu huu. Niseme sikujua? Nilijua kama mtu anavyojua kwamba ana mgongo.

Nimemwandikia mwenyekiti wa kamati kwamba naifuta makala, isitumike. Amenijibu kwa ujumbe mfupi kwamba wanabaki na makala ya kwanza, kwa sababu barua hii ya pili haina takwimu.

Nimemtia Cadette kwenye kalenda. Jumamosi tarehe kumi na moja Mei, mlango wazi, na nitakaa mbele yake kama msomaji wa kuihoji kazi yake, si kama mkuu. Wenceslas atakaa upande wa pili.

Sasa nakuuliza, na ukitaka usinijibu. Mwisho wa Desemba kuna mistari miwili ya motopompe ile ile moja. Mstari wa tarehe ishirini na sita uko wazi. Wa tarehe ishirini na nane una jina la Bisimwa. Nani alishikwa tarehe ishirini na sita?

Mdogo wako,
Nourdine


Kasabila, 6 Mei 2024

Nourdine,

Unajua jibu. Usingeuliza kama hulijui.

Walimkamata Djafari njia ya Lusangi, motopompe imefungwa nyuma ya pikipiki na turubai juu yake. Alituma mtu wa kuniita. Nilivua aprani nikajifunga kitenge kipya, unaona, nilichagua kitenge. Nilikaa kwenye benchi. Nikasema, "Komanda, huyu ni mutoto wa nyumba." Akasema, "Basi mubebe, Mama, jina sijaandika bado." Sikutoa hata senti moja. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama ningetoa. Motopompe waliizuia pale kama ushahidi mpaka leo, na baada ya siku mbili ilibidi iwe na mwizi, na Bisimwa alikuwa ndiye aliyekuwa analala shimoni.

Kesho yake nilianza kumpelekea chakula. Wewe ulidhani ni moyo laini.

Djafari alikwenda Wamaza, akarudi baada ya mwezi, anauza mafuta kama kawaida. Hatukulizungumza. Tulikula Idd pamoja. Nilimpa paja la kuku.

Ulipotuma ile barua ya kwanza, ya themanini kwa mia, nilikaa nayo sokoni nikajua kwamba ndani ya ile hesabu yako kuna mmoja ambaye mimi ndiye niliyemtia na mwingine ambaye mimi ndiye niliyemtoa. Nikakuuliza nani aliwahesabu. Nilitaka uniulize. Uliniita wakili wa wezi, nikashukuru, kwa sababu ukali wako ulinipa nafasi ya kunyamaza.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda. Nilimwambia mwandishi afungue mstari wa tarehe ishirini na sita aandike jina la ndugu yangu, na chini aandike kwamba mimi ndiye niliyemchukua. Alikataa. Akasema, Mama, mambo ya mwaka jana. Nikakaa kwenye benchi mpaka jioni, kisha Jumamosi nikakaa tena, na Mama Consolée alisikia, akaja akakaa karibu yangu bila kunisalimia. Yeye alisema hakumtaja Bisimwa hata siku moja, hakuna aliyemuuliza. Sisi wanawake wawili na benchi moja, na watu wanapita. Jumapili komanda mwenyewe aliandika. Djafari wamemchukua mchana, anangoja hakimu. Alinitazama akasema mama yetu angekuwa hai nisingethubutu. Labda ni kweli.

Bisimwa walimfungulia saa kumi. Nilitaka nimwambie mimi kabla hajasikia kwa wengine, nikamwambia pale mlangoni. Alisikiliza yote. Akasema: "Mama, bugali yako ilikuwa muzuri. Kama ningejua inatoka wapi, singekula."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Katika barua yako umeandika juu ya baiskeli, kanzu ya mjomba, na hati nyeupe. Umeandika kama mtu aliyetubu. Hukumtaja Pitchou. Mlikuwa wawili mliposhikwa, Nourdine. Mimi nakumbuka, kwa sababu mjomba alirudi na mmoja.

Mwanvua


Kasongo, 14 Mei 2024

Yaya Mwanvua,

Wote hapa ni wazima wa mwili. Nimemwambia Safia juu ya Djafari. Alianza pale pale kukusanya nguo na sabuni za kumpelekea. Aristote atakuletea na barua hii. Mwambie Djafari kwamba nitakuja, na kwamba siji kukaa kwenye benchi.

Barua yako niliipata Ijumaa, usiku mmoja tu kabla ya Cadette. Nikueleze ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu walikuja kuangalia mkuu akimla mtoto, na wengine mtoto akimla mkuu. Cadette alisimama na gauni lake la kushona, karatasi zake mkononi. Alisema nusu saa. Hakunihurumia na sikutaka. Alionyesha mistari ya wazi ukutani, mmoja mmoja, akisoma tarehe na kitu kilichoibiwa. Alisema mhalifu haanzii kwenye tendo, anaanzia pale mtu mwenye kalamu anapoamua kuandika.

Kisha Wenceslas akampinga, naye msimamizi wake mwenyewe! Akasema kalamu si kila kitu, kwamba hata ukiandika watu wote kwa haki, mashimo yatazaa wizi kila msimu kama hakuna mkataba wala barabara. Walibishana vizuri. Nikaona kwa nini niliogopa chumba kimoja.

Zamu yangu ilipofika nilisema kwanza kwamba makala yangu ni ya uongo na nikaeleza kwa nini. Nikasema pia kwamba elimu ya uhalifu isiyo na mtu wa kuipinga ndani ya nyumba yake hugeuka kuwa muhuri, na muhuri hutafuta karatasi ya kugongwa, na safari hii karatasi ilikuwa migongo ya watu wanaotembea kwenda Wamaza. Walitaka kunipigia makofi. Niliwakataza. Kwa sababu nilikuwa bado na hoja, Yaya, na hoja nzuri, siachi hoja nzuri kwa sababu ya aibu. Nilimuuliza Cadette: kurasa tisini, na ndani yake aliyeibiwa yuko wapi? Nikamwambia habari za mjane mwenye shimo lililojaa maji, ambaye hakuna aliyemuuliza neno, si komanda, si mimi, si yeye. Kama uhalifu unaanza kwa kalamu, yale maji shimoni yaliingia na kalamu gani? Alifikiri. Hakujitetea. Akasema ni kweli, sura hiyo haipo, na kwamba ataiandika, na kwamba atakwenda Kasabila kumsikiliza mama huyo mwenyewe kama atakubali. Akaandika pale pale kwenye kaye yake. Hivyo tu. Mimi ilinichukua miezi mitatu na aibu ya familia nzima kufanya alichofanya yeye kwa dakika moja.

Nilidhani tumemaliza. Mwenyekiti wa jopo alikwisha kusimama. Cadette akainua mkono, akaomba swali la mwisho kwa msomaji. Akaniuliza:

"Mwalimu, wewe ulisha kushikwa siku moja?"

Ningeweza kusema swali hilo si la kisayansi. Lilikuwa mdomoni. Djamila alikuwa amekaa safu ya tatu na kitambaa chake cha bluu. Barua yako ilikuwa mfukoni.

Nikasema ndiyo. Nikawaambia baiskeli, kanzu, benchi, hati nyeupe. Nikawaambia kwamba tulikuwa wawili, na kwamba mwenzangu baba yake alikuwa mtu wa Kasai aliyeletwa na kazi ya barabara, na hakuwa na mjomba pale. Jioni ilipofika mwenzangu aliandikwa. Alipelekwa gereza la Kasongo hapa hapa, mtaa wa pili kutoka kwenye ukumbi tuliomo. Sikumpelekea chakula hata mara moja. Nikiwa chuo nilisikia kwamba alitoka baada ya miezi minane, na kwamba alikwenda upande wa mto, na sikuuliza zaidi. Ninajua majina ya wanazuoni wa nchi ambazo sitazikanyaga, na vitabu vyao, na walikosana na nani.

Cadette hakutabasamu. Alikuwa na kalamu yake wazi.

"Aliitwa nani?"

"Pitchou," nikasema.

"Pitchou nani?"

Nilitafuta, Yaya. Nilisimama pale nikatafuta jina la baba yake, jina lolote, tulilala mkeka mmoja na kula sahani moja miaka miwili. Hakuna kilichokuja. Kwenye kaye yake aliandika alichopata, akaacha pengo mbele.

Kama wewe unalijua, niandikie. Mpe Aristote hata kipande cha karatasi.

Nourdine